Kiumbe Asiyemhitaji Yeyote

Miaka ya mji ule haikuja kwa zamu. Mwaka wa sabini uliweza kuingia asubuhi, ukakaa mpaka saa tano, kisha ukaupisha mwaka wa thelathini, na watu wakaendelea na shughuli zao kama waliohama kutoka juani kwenda kivulini. Uliweza kwenda sokoni ukapishana na nafsi yako ya utotoni inalia imepotea, au nafsi yako ya uzeeni inachagua ndizi kwa vidole vinavyotetemeka. Adabu ilitaka usijisalimie. Uliinamisha macho, ukapita.

Katikati ya mji palikuwa na ziwa. Tabaka lake la juu lilikuwa na samaki, mwanga na upepo. Ukishuka pima arubaini, hewa ilikoma. Samaki aliyeteleza kupita mpaka huo hakurudi. Watu walipaita Kusikopumua, na mama aliyetaka kumtisha mtoto alimwambia atapelekwa huko.

Huko ndiko Daktari Sikitu Ngwali alikoishi umri wake, ingawa mwili wake ulikaa ghorofa ya chini ya jengo la maabara, jicho limebanwa kwenye hadubini.

Alianza angali mwanafunzi. Kitabu cha shule kilikuwa na sentensi moja iliyomkera: kila chenye uhai hupumua. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na wale wa Kusikopumua?"

"Huko hakuna wale," mwalimu akajibu. "Huko kuna vile."

Darasa zima likacheka. Sikitu hakucheka. Alikuwa anajua vizuri jinsi mtu anavyoweza kuondolewa katika wale akawekwa katika vile. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na tangu hapo alilelewa nyumba za watu, mara kwa shangazi, mara kwa mke wa mjomba, akila huku kila tonge lake likifuatwa kwa macho. Hakupigwa. Alisimangwa tu. Masimango hayana makelele. Husemwa polepole, wakati wa kuosha vyombo, na mtoto huyasikia mpaka usingizini. Akajifunza kula kidogo, kuoga kwa kopo moja la maji, kulala bila kujigeuza ili kitanda kisilie. Na kila alipolala hivyo, amejikunja, aliota siku ambayo hatamhitaji mtu yeyote duniani. Alipokua akashuka kwenye tope la ziwa kumtafuta kiumbe ambaye tayari ameifikia siku hiyo.

Kazi yenyewe ilitaka uvumilivu wa ajabu. Bakteria wale hewa kwao ni sumu. Ukiwafungulia dirisha kwa wema wako, umewaua. Ilibidi Sikitu achemshe maji mpaka hewa yote iliyojificha ndani yake itoke. Ilibidi apitishe gesi juu ya shaba iliyopashwa moto ili shaba imeze chembe ya mwisho ya oksijeni. Kisha alitia tone la rangi ya kipimo. Rangi ikipauka na kuwa kama maji, ni salama. Ikigeuka waridi, hewa imeingia, na kazi ya miezi mitatu imekwenda na maji.

Tena zilihitajika chupa zenye shingo nyembamba, zinazoweza kuzibwa kwa moto. Kwa ajili hiyo alikwenda karakana ya mpuliza kioo mmoja aliyeitwa Vuai, kijana mpana wa kifua, mwenye nyusi zilizoungua kwa tanuri.

"Nataka chupa isiyoingiza hewa," Sikitu alimwambia.

"Bibie, chupa mimi naiumba kwa pumzi yangu. Hewa imo ndani tangu mwanzo."

"Basi nitaitoa."

"Ukishaitoa," Vuai akasema, akiuzungusha mwanzi wake wa chuma, "njoo uniambie imekwenda wapi."

Akarudi kumwambia. Wakaoana mwaka huohuo, au mwaka uliotangulia. Kwa mji ule si jambo rahisi kulisema.

Sikitu alikuwa amefikisha miaka thelathini na mbili alipompata. Ndani ya chupa iliyotiwa tope la ziwa na kileo chepesi, kama kile kinachotoka kwenye matunda yaliyooza, vipovu vilianza kupanda. Akavikusanya, akaviwasha, vikawaka kwa mwali wa buluu. Kiumbe fulani mle ndani alikuwa anakula kile kileo na kutoa gesi iwakayo, bila hewa, bila jua, bila msaada wa mtu. Chini ya hadubini aliona vijiti vinene na vijiti vyembamba. Akaandika: ni yuleyule, umri tofauti. Katika mji ambao kila mtu amewahi kupishana na ujana wake njiani, hakuna aliyeuliza swali.

Akampa jina la Mpweke. Hakulitamka jina lile kwa huzuni. Alilitamka kama mtu anayetaja cheo.

Habari za Mpweke zikafika kwa Msimamizi Mkuu, mtawala wa mji, mtu mpole wa sauti ambaye hakuna aliyepata kumwona akila. Akamwita Sikitu, akasikiliza saa tatu bila kukatiza, kisha akauliza jambo moja tu. "Kwa hiyo inawezekana?"

"Inawezekana, Mtukufu."

Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Kujitosheleza. Juu ya mlango wa kila ofisi ukachorwa mduara, na ndani ya mduara kijiti kimoja. Ikawa marufuku kuomba kaa la moto kwa jirani. Jeneza likawa linabebwa na toroli ya serikali, si mabega ya watu. Mgonjwa hakutembelewa, wala hali yake haikuulizwa, maana kumuuliza ni kumkumbusha kwamba anahitaji. Mwanzoni Sikitu aliifurahia sheria ile. Alifikiri hatakuwapo tena mtoto wa kusimangwa, kwa kuwa hatakuwapo mtoto wa kulelewa nyumba za watu. Hakujiuliza watoto hao watakuwa wapi.

Miaka ikaja kwa fujo yake. Nywele zake zikaingia mvi, zikawa nyeusi kwa wiki mbili, zikarudi kuwa mvi. Akaandika makala sitini na nne, zote za Mpweke. Vuai akampulizia chupa zaidi ya elfu nne. Kisha siku moja, akiwa mbele ya tanuri, Vuai akatia mdomo kwenye mwanzi na kioo hakikuvimba. Akajaribu tena. Akauweka mwanzi chini kwa uangalifu, kama anayelaza mtoto, akatembea mpaka nyumbani akisimama kila baada ya nyumba tatu. Tangu siku hiyo alilala chumba cha nyuma, kifua kinamlia kama mlango mbovu, na hakuweza kuzima hata kibatari. Marafiki zake aliocheza nao bao miaka yote walipita nje ya dirisha. Sikitu aliziona kanzu zao zikipunguza mwendo, halafu zikakaza.

"Sheria ni sheria," Vuai alisema, akitabasamu. "Nasikia nyayo zao lakini. Yule anayeburuza kushoto ni Haidari. Amenunua ndara mpya."

*

Kidawa alikuwa amefanya kazi na Sikitu miaka minane. Alikuwa mtafiti wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono iliyotulia kuliko mikono yote iliyowahi kuingia maabara ile. Asubuhi moja akaja na chupa mbili, akaziweka mezani, akabaki amesimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umesimama?"

"Nina jambo. Naomba nilimalize bila kukaa, nikikaa sitalimaliza."

Akaeleza. Alikuwa anamsafisha Mpweke, akimtenga na tope na uchafu wote, akimpunguza mpaka ndani ya chupa ibaki mbegu moja. Na kila alipofika kwenye mbegu moja, Mpweke alikufa. Akadhani mkono wake una kosa. Akarudia. Ndipo alipofikiri kuwatenga vijiti vinene na vijiti vyembamba.

"Hawa wanene," akagusa chupa ya kwanza, "wanakula kileo. Wanakula kidogo tu, halafu wanaacha. Wanatoa haidrojeni, na haidrojeni ile ikiwazidi inawaziba. Wanakufa njaa na chakula kiko mbele yao. Hawa wembamba," akagusa ya pili, "kileo hawakigusi kabisa. Chakula chao ni haidrojeni. Hiyohiyo inayowaua wenzao. Wanaila, wanatoa gesi ile iwakayo. Mwalimu, Mpweke hayupo. Ni wawili."

Sikitu akaitazama ile chupa ya kwanza kwa muda mrefu. Rangi ya kipimo ilikuwa imepauka vizuri. Hapakuwa na hewa. Hapakuwa na kosa la mkono.

"Umelijua lini?"

"Mwezi wa kumi na moja huu."

"Miezi kumi na moja unanitazama usoni?"

"Nilikuogopa, Mwalimu." Kidawa akazisogeza chupa zikagusana. "Na nilikuonea huruma. Zaidi ilikuwa huruma."

Neno lile ndilo lililomchoma. Sikitu hakuwa amelisikia likielekezwa kwake tangu nyumba ya mke wa mjomba.

"Toka," akasema. "Chukua mkoba wako, utoke. Simhitaji mtu."

Kidawa akatoka. Chupa mbili aliziacha.

*

Siku kumi na tisa Sikitu alifanya kazi peke yake. Alichemsha, akapasha shaba, akaziba shingo za chupa kwa moto. Daftari lake la siku zile lipo, na limeandikwa hivi:

Siku ya kwanza. Wanene peke yao. Wanakula.

Siku ya tatu. Wamepunguza.

Siku ya nne. Wameacha. Kileo kipo. Kwa nini hamli? Kuleni.

Siku ya saba. Wembamba peke yao kwenye kileo. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Nimekaa nao mchana kutwa.

Siku ya tisa. Sijaona kosa.

Siku ya kumi. Nimeanza upya kila kitu. Huenda Kidawa alikosea. (Kidawa hakosei.)

Siku ya kumi na tano. Tone moja kutoka chupa hii kwenda chupa ile.

Siku ya kumi na nane. Kipovu. Kimoja, pembeni, karibu na shingo. Halafu kingine.

Siku ya kumi na tisa. Mwali ni wa buluu.

Ukurasa unaofuata una doa la maji tu.

Alasiri ile alifunga maabara akashuka ufukweni. Huko akamkuta msichana amepiga magoti kwenye tope, mikono imezama hadi viwikoni, anajaza chupa. Msichana alikuwa na miaka kumi na tisa, shingo nyembamba, na gauni ambalo Sikitu alilikumbuka kwa sababu lilikuwa la kupewa, na aliyelitoa hakuacha kulitaja. Adabu ilitaka apite. Sikitu alikuwa ameishi umri mzima kwa adabu ile. Akasimama.

"Hujambo, binti."

Msichana akashtuka, akafuta mikono kwenye gauni. "Shikamoo." Akamkagua kuanzia nyusi mpaka vidole. "Wewe ni mimi?"

"Ndiyo."

"Nitampata?"

"Nani?"

"Anayeishi bila mtu." Akasema haraka, kama anayehofia kunyang'anywa maneno. "Lazima yupo. Akiwepo mmoja tu, hata mdogo asiyeonekana kwa macho, basi inawezekana. Basi hata mimi naweza. Sitakula tena cha mtu."

Sikitu akachuchumaa. Magoti yalimuuma. Jibu alikuwa nalo mdomoni, maneno mawili mafupi, na kama angeyatamka angemwokolea msichana yule miaka mingi ya njia isiyo yake. Lakini aliiona mifupa ya bega chini ya gauni la kupewa. Aliona kwamba ndoto ile ya kutomhitaji mtu ndiyo iliyokuwa inamsimamisha, na kwamba bila hiyo, leo hii, angeanguka pale topeni asiinuke. Kuna kweli inayomtaka mtu awe ameshiba kidogo kwanza.

"Umekula?" akamuuliza.

Msichana akaitazama chupa yake. Swali lile halikuwa la kusimanga, na hakujua namna ya kulijibu.

Sikitu akatoa mfukoni andazi alilofunga asubuhi na kusahau kulila. Akampa. Msichana akalipokea kwa mikono miwili, akageuka pembeni kidogo, kama alivyozoea, ili asionekane anavyotafuna.

"Nitazame," Sikitu akamwambia. "Kula unanitazama. Sihesabu."

Msichana akageuka. Akala huku anamtazama, machozi yanamtoka, hata mwenyewe hajui kwa nini. Sikitu akamfuta tope shavuni kwa kidole gumba. Kisha mwaka ukahama, na kwenye tope pakabaki alama za magoti mawili, zikijaa maji.

*

"Nilikosea," alimwambia Vuai jioni ile, akimwegemeza kwenye mito ili apate kupumua. "Ni wawili. Tangu mwanzo walikuwa wawili, nami niliwaona kwa macho yangu haya, nikaandika mmoja."

Vuai akafunga macho. Alihitaji muda kati ya maneno, na mkewe alikwisha kujifunza kumsubiri.

"Wanapendana?"

"Hawajui kupenda, Fundi. Mmoja akitupa, mwingine anaokota."

"Mm." Akapumua. "Utasema?"

"Wiki ijayo ni siku ya maadhimisho ya Sheria. Msimamizi atakuwepo, hotuba wameshaniandikia. Nikisema, watalifuta jina langu."

"Jina lako nani anakuitia? Watu wanalisoma tu ukutani." Akapumua tena, mara mbili. "Mimi nakuita Daktari tangu hujawa. Nitaendelea."

Sikitu akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Akaweka paji la uso kwenye kifua kile kilichokuwa kinalia, akakaa hapohapo. Vuai akauweka mkono wake juu ya mvi zake. Ulikuwa mzito na wenye makovu ya kioo.

"Yule msichana wako," akasema baadaye. "Kidawa. Amekula nini siku zote hizi, na umemfukuza kazi?"

Asubuhi Sikitu akavuka mji, akafika mlango wa Kidawa, akafanya jambo ambalo halikufanywa mtaa ule tangu Sheria ipitishwe. Akabisha.

"Hodi."

Mlango ukafunguka kwa ufa. Kidawa akamwona, akaangalia barabarani kushoto na kulia, akamvuta ndani kwa mkono.

"Mwalimu! Watakuona!"

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu. Na nimekuja kukuomba msaada, yote mawili, sijui lipi ni kosa kubwa zaidi kisheria." Akainyoosha mikono yake mbele. "Mikono yangu inatetemeka. Nahitaji mtu wa kuzibeba chupa zile mbele ya watu bila kuzivunja. Nakuhitaji wewe."

Lilikuwa neno gumu. Lilitoka na kutu, kama bawaba ambayo haikuguswa miaka. Kidawa akaenda kuvaa viatu.

*

Ukumbi wa Majina ulijaa. Ukutani, juu kabisa, jina la Sikitu Ngwali lilikuwa limechongwa kwenye marumaru chini ya mduara na kijiti. Msimamizi Mkuu alikaa mbele, mikono juu ya mapaja. Watu wakakaa safu kwa safu, kila kiti kimeachwa mbali na kingine kwa urefu wa mkono, kama sheria ilivyotaka.

Sikitu akaiweka ile hotuba mezani bila kuifungua. Kidawa akasimama kando yake, chupa mikononi.

"Miaka thelathini na moja," Sikitu akaanza, "niliwaambia kuna kiumbe asiyemhitaji yeyote. Mlinisadiki. Nilikosea."

Kidawa akaziweka chupa tatu mezani, moja moja.

Akaeleza kama Kidawa alivyomweleza, kwa maneno yaleyale mepesi: huyu anakula kileo na kuzibwa na kile anachokitoa, huyu anakula kile kinachomziba mwenzake. Akaonyesha chupa za peke yao, maji yametulia, hakuna kitu. Akaonyesha chupa ya tatu, vipovu vinapanda. Kidawa akafungua shingo, akasogeza kiberiti, na mwali mdogo wa buluu ukasimama wima mbele ya watu.

"Aliyegundua ni Daktari Kidawa Msellem," akasema. "Mimi niliona nilichotaka kuona. Nilikuwa mtoto wa kulelewa, nilichoka kushukuru."

Msimamizi hakukasirika. Aliinama mbele kidogo, uso wake umejaa udadisi wa kweli, na kwa mara ya kwanza Sikitu alimwonea huruma.

"Daktari," akasema kwa sauti yake pole, "tuseme ni wawili. Mwenye nguvu ni yupi kati yao?"

"Nilitafuta jibu hilo siku kumi na tisa, Mtukufu. Wa kwanza asipopunguziwa, anakufa. Wa pili asipopewa, anakufa. Neno lako hilo, mwenye nguvu, nililizungusha huku na huku ndani ya chupa, sikupata mahali pa kuliweka."

"Hilo ni tope. Sisi ni watu."

"Ndiyo, Mtukufu. Lakini sheria uliitoa topeni. Nami ndiye niliyekuletea."

Msimamizi akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, bila neno. Hapakuwa na ghasia. Watu walibaki vitini mwao, hawajui kama wameruhusiwa kwenda. Katika safu ya tatu mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa analia bila sauti, mabega yakimtikisika. Mwanamume aliyekaa mbali naye kwa urefu wa mkono akauangalia mkono wake mwenyewe. Akaunyoosha. Ulitosha kufika.

*

Sheria haikufutwa. Maabara ilitiwa lakiri siku ya pili yake, na wachonga mawe wakapanda ngazi kulikwangua jina. Kidawa aliziokoa chupa kumi na mbili, akazificha kwenye pipa la maji nyumbani kwake, na kila siku alikuja kwa Sikitu kwa mlango wa uani kuandika makala. Waliandika meza moja, kalamu moja, wakibishana juu ya kila koma. Sikitu hakuwahi kuandika haraka hivyo, wala kwa raha kiasi kile. Alishangaa sana kugundua kwamba alikuwa hajui kicheko cha Kidawa kilivyo, na ni mtu aliyekaa naye miaka minane.

Siku ya sita, saa kumi alasiri, askari akaja kwa mlango wa mbele. Aliitwa Sajini Ame, mtu wa makamo, sare imepigwa pasi kwa mkunjo mkali. Kazi yake ilikuwa kuchukua medali ambayo Sikitu alitunukiwa kwa kumpata Mpweke. Akasimama kizingitini, akakunjua karatasi, akaisoma yote kwa sauti ya kiserikali: kwamba aliyetajwa amevuliwa heshima zote, kwamba hana ruhusa ya kufundisha wala kuchapisha, kwamba atajitosheleza kama raia mwingine yeyote. Sikitu akamkabidhi medali ndani ya kisanduku chake. Sajini akaandika kwenye daftari, akaomba sahihi, akapewa.

Ulikuwa wakati wake wa kuondoka. Hakuondoka. Kutoka chumba cha nyuma kikohozi kilianza, kirefu, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena. Sajini akakisikiliza kichwa kimeinama. Akaikunja karatasi mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo ya kuingia kiganjani.

"Fundi Vuai huyo?"

"Ndiye."

"Taa ya harusi ya mama yangu aliipuliza yeye." Akaangalia barabarani. Kisha akaivua kofia, na bila kofia alikuwa mtu mwingine, mwenye kipara na masikio makubwa. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu lugha aliyoisahau: "Mgonjwa anaendeleaje?"

Sikitu akasogea kando ya mlango.

Sajini akavua viatu. Akavipanga ukutani, akaingia kwa soksi, na kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti ya Vuai, iliyokatika kwa mshangao: "Nani huyo? Nyayo hizi sizijui."

Katika nyumba za mji ule hapakuwa tena na kiti cha mgeni. Vilikusanywa vyote mwaka wa kwanza wa Sheria, vikachomwa uwanjani. Sikitu akazunguka jikoni, akazunguka ukumbini, akatoka uani. Akaikuta ndoo. Akamwaga maji yaliyobakia, akaipeleka chumbani, akaipindua kando ya kitanda, akaifuta kwa upindo wa kanga yake, mara moja, na tena.

"Karibu, baba," akasema. "Karibu ukae."